Nani Kavunja Vyetezo vya Asmahani

Wifi yangu Asmahani anauza vyetezo vya kufukizia udi, anauza kwa simu. Ukiingia kwake Usagara, hapa Tanga, utadhani nyumba ina harusi kila siku, kwa harufu ya udi iliyoganda kwenye mapazia, kumbe ni biashara tu. Vyetezo vyenyewe ni vya udongo, vile vya mguu mmoja na matundu ubavuni. Anavichukua kwa akina mama wafinyanzi wa upande wa Maramba, anavipaka rangi ya dhahabu ukingoni, anavipiga picha juu ya kitambaa cheupe na kuviweka mtandaoni. Watu wa Arusha, Moshi na Dodoma wanaagiza. Mimi naitwa Mwanamkasi, dada wa mumewe Rama. Nakaa nao chumba cha uani tangu nilipoachika, na kazi yangu humo ndani ni kukunja maboksi na kusema ukweli. Kwa hilo la kwanza hunishukuru.

Nimelisema hilo mapema msije mkadhani namsengenya, maana mawifi tunajulikana. Nampenda. Ana mkono mwepesi wa kutoa, na jirani akifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika na sufuria kichwani. Lakini ana mdomo, haki ya Mungu, na akishaamini jambo lake hata umletee kadhi habanduki.

Kuna jambo alilolelewa nalo: chombo cha bibi harusi hakitoki nyumbani kikavu. Basi kila chetezo kikishapata mnunuzi hukitia makaa, huchoma udi ndani yake mpaka moshi utokeze kwenye matundu, humwaga makaa, na papo hapo hukinyunyizia marashi kwa mrashi wa marehemu mama yake, ile chupa ya shingo ndefu yenye kichwa cha vitundu. Ndivyo tunavyofanya kwa mgeni harusini: anafukizwa, kisha ananyunyiziwa. Zamani alikuwa akifukiza tu. Marashi ameyaongeza mwaka huu, baada ya mteja mmoja kulalamika kwamba udi umeisha harufu njiani. Mvuke unapanda, chombo kinanukia, anakiviringisha kwa pamba na magazeti, anakitia boksini, na boksi hilo ndani ya boksi jingine. Mteja akifungua, pua yake inafika Tanga kabla ya macho.

Basi mwaka huu vikaanza kuvunjika.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mtu wa Moshi. Alituma picha ya vigae sakafuni na maneno mawili tu, "Dada, nini?" Asmahani si mtu wa kuandika, yeye huzungumza na simu utadhani anahutubia. Akamjibu kwa sauti kwamba amemtumia chombo kizima, picha anayo, na kikishatoka mlangoni kwake kiko mikononi mwa Mungu na basi. Yule bwana akajibu kwamba yeye hakununua kwa Mungu wala kwa basi, kanunua kwake. Nikacheka peke yangu uani. Uongo?

Wa Arusha hakubishana. Alichukua picha ya vipande, akachukua na picha ya Asmahani amevaa miwani ya jua, akazibandika kwenye kundi la wanunuzi na chini akaandika tapeli. Siku hiyo wifi yangu hakula. Maana ukiuza kwa simu huna kaunta wala mlango. Mteja hakujui sura wala ukoo. Duka lako ni jina lako, likichafuka umefunga. Akaanza kuwatumia waliolalamika kingine bila maneno, na hapo wajanja nao wakaamka. Mmoja alituma picha ya chetezo chenye mguu wa kijani, na Asmahani katika maisha yake hajawahi kuuza mguu wa kijani.

Ndipo akaweka sharti. Mteja washa kamera kabla hujakata gundi, onyesha boksi pande zote, fungua huku unarekodi. Bila video hakuna mazungumzo. Nilimsifu. Nilimwambia hapo umesema kama mfanyabiashara, siyo yale mahubiri yako. Wajanja wakanyamaza wote.

Lakini ikaja video ya Sabiha wa Dodoma. Huyu Sabiha alikuwa shangazi wa bibi harusi, mwanamke mstaarabu, anasema taratibu. Kwenye video boksi limekaa mezani, pembe zote kamili, halina hata kovu. Mkono wenye hina unakata gundi, unatoa magazeti, unafunua pamba. Chetezo kimepasuka vipande viwili. Halafu sauti yake: "Dada Asmahani, sikulaumu. Ila mama wa bibi harusi amekiona hivi kilivyo, na anasema hii ni nuksi. Nifanyeje?"

Asmahani aliirudia ile video mpaka simu ikapata moto. Kisha akaniambia, "Wifi, nimemjua."

"Umemjua nani?"

"Anayevunja. Hebu fikiri. Arusha barabara yake, Moshi mji wake, Dodoma basi lake. Makonda tofauti, wapakuzi tofauti. Lakini mkono unaopokea boksi zangu zote hapa Tanga ni mmoja. Luka."

Luka alikuwa mpokea vifurushi kwenye ofisi ya basi tunalotumia, mtu wa Lushoto, mpole, mwenye mabega ya kazi. Mkewe Dorkasi anashona sare za shule. Nikamuuliza Asmahani, mbona boksi halijabonyea? Akasema ndiyo ujanja wenyewe, linarushwa na kudakwa, nje halipati kitu, ndani ndiko kunakotikisika. Alikuwa na jibu la kila swali. Nami nikakubali, kwa sababu hesabu ilikuwa imenyooka.

Alizituma picha zote kwa Nehemia, msimamizi wa ofisi ile, pamoja na hotuba yake. Kesho yake Luka akaja nyumbani. Alikataa kiti, akasimama pale barazani na kofia yake mkononi, akamwamkia Asmahani kwa jina la bintiye.

"Shikamoo, mama Najat."

"Marahaba. Sema."

"Mama, boksi zako naweka juu ya zote. Nazibeba kifuani. Naomba uniambie, niliangusha lini?"

"Wewe ndiye wa kuniambia mimi, Luka. Mimi nilikuwepo huko?"

Akafikiri. Yule mtu alifikiri kweli, hakuwa anatafuta uongo. Akasema, "Siku moja ya mvua niliteleza kidogo pale mlangoni. Lakini sikuangusha."

"Unaona sasa!" Asmahani akanigeukia. "Kasema mwenyewe."

"Nimesema niliteleza, mama."

"Haya, umeteleza. Chombo cha watu kimevunjika."

Akaenda zake. Nehemia akamsimamisha kazi wiki ileile. Na wifi yangu, bila kuniuliza, akawatumia wateja wake wote sauti: aliyekuwa akivunja amejulikana, anaitwa Luka, ameondolewa, sasa agizeni bila wasiwasi. Looo! Mngeona walivyofurahi. Wa Arusha akafuta lile neno tapeli akaomba radhi. Watu hata chombo hawakukiulizia tena. Walichotaka ni mtu wa kulaumiwa mwenye jina. Mimi roho iliniuma kwa lile jina kutajwa, nikamwambia. Akanijibu kwamba huruma haifungui duka.

Cha Sabiha kilikuwa bado kinadaiwa. Asmahani akachagua kizuri kuliko vyote, akakifukiza, akakinyunyizia, akakifunga, akakiweka juu ya kabati la sebuleni kisafiri kesho yake. Sabiha akapiga simu akasema asikitume, ana ndugu yake dereva wa lori la saruji, anaitwa Luqmani, atapita kukichukua mwenyewe. Basi boksi likabaki pale juu. Nyumba yetu haina watoto wadogo wala paka. Hakuna aliyeligusa.

Luqmani alikuja baada ya sala ya Ijumaa, mtu mnene, mcheshi. Akalishika boksi, akaliangalia, akaliweka mezani.

"Shemeji," akamwambia Asmahani, "tulifungue hapahapa tukiwa sote. Nisije nikafika Dodoma nikaitwa Luka wa pili."

Tukacheka. Asmahani akakata gundi mwenyewe, kwa madaha, maana alijua anachokwenda kukionyesha. Akafunua pamba. Chetezo kilikuwa vipande viwili, kimekatika kuanzia ukingoni mpaka kwenye tundu, sawasawa na kile cha kwenye video.

Luqmani akauliza, tena kwa upole kabisa, "Sasa hiki nacho nani kakibeba?"

Mnajua wifi yangu alifanya nini? Alinigeukia mimi. "Wifi, ulikigusa?"

Ebo! Damu ilinipanda mpaka kwenye nywele. "Nilikigusa? Basi nipeleke na mimi kwa Nehemia! Nitangaze na mimi kwa wateja, Mwanamkasi kapatikana, kaondolewa!" Nikaingia ndani nikachukua chetezo kingine kizima, nikakipigapiga kwa ukucha mbele yao, kikalia vizuri. Nikamkabidhi. "Chukua. Fanya mbele yangu unavyofanya siku zote. Usiruke kitu."

Akatia makaa. Akaweka udi. Moshi ukatoka kwenye matundu, chumba kikajaa. Akamwaga makaa, akainua mrashi, akanyunyiza. Mvuke ukapanda na ndani ya mvuke tukasikia: tik. Sauti ndogo, kama mtu anakata kucha. Luqmani aliyekuwa mlangoni aliisikia pia, akasogea.

Nikakifuta kwa upindo wa kanga. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unaanzia ukingoni. Usingeuona kama huutafuti. Nikaubonyeza kwa vidole gumba, na chetezo kikafunguka mikononi mwangu.

Jamani, mtoto wa darasa la pili anajua chungu cha moto hakimwagiwi maji ya baridi. Asmahani anajua, mimi najua, hakuna mwanamke wa Tanga asiyejua. Lakini sisi yale hatukuyaita maji. Tuliyaita marashi, na marashi ni heshima, nani anaogopa heshima? Vilivyopona njiani vilikuwa vimepoa kidogo. Vilivyonyunyiziwa vikiwa vya moto vilitoka hapa mlangoni na ufa wao, barabara ikamalizia, na kile cha juu ya kabati kule kushushwa tu kulikitosha. Mikono aliihesabu vizuri wifi yangu, ila alianza kuhesabu kwa Luka.

Nilikuwa na methali ya nyani mdomoni, nikaimeza. Alikuwa amekaa chini sakafuni na mrashi wa mama yake mapajani, uso umemshuka. Akasema, "Nimemfukuzisha mtu kazi."

Luqmani akachukua chetezo kingine, kikavu kisicho na udi wala marashi, akaaga akaenda zake. Mtu mwenye adabu kweli.

Tulipobaki wawili ndipo akaniambia linalomtisha. "Nikisema hadharani, Mwanamkasi, nimekwisha. Nimewaambia watu wote kwamba ni Luka. Sasa niwaambie ni mimi? Nani ataniamini tena? Watasema nauza nyufa nasingizia maskini."

"Si ndivyo ilivyo?"

"Nitamrudishia kazi yake kimyakimya. Nitaongea na Nehemia tu. Yaishe."

Tukaenda kesho yake. Nehemia akatusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Ni mtu wa Lushoto pia, wanasali kanisa moja la Kilutheri na Luka. "Mama Najat," akasema, "nashukuru. Lakini Luka alikiri."

"Alikiri nini?"

"Jumapili iliyopita. Alisimama mwenyewe kanisani, mbele ya usharika wote, akasema amekuwa mzembe na mali za watu, ameangusha vyombo vya watu, anaomba msamaha. Nilikuwepo. Nikimrudisha leo kwa maneno ya ofisini, watasema Nehemia anambeba mtu wa kwao. Na kwenye nafasi yake, Jumatatu wakubwa wananiletea mtu mwingine."

Nje ya ofisi Asmahani alinishika mkono, akaniuliza mimi, kama kwamba mimi ndiye Luka, "Anakiri vipi kitu ambacho hakukifanya?"

Tukaenda kumuuliza mwenyewe, kwao Mikanjuni, chumba kimoja na cherehani mlangoni. Dorkasi alipotuona aliacha kushona lakini hakutukaribisha. Luka akatoka, akamwamkia Asmahani vilevile kama siku zote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Asmahani akamwambia yote: kabati, Luqmani, marashi, ule mlio. Nilitegemea mtu atafurahi, au atukane, ningemsaidia. Luka akasikiliza akiangalia chini.

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

"Hata lile boksi la siku ya mvua?"

"Hata hilo, Luka. Lilitoka kwangu limeshavunjika."

Akatikisa kichwa, siyo kwa kukataa, kwa kushindwa. "Wewe ulisema. Bosi alisema. Picha zilikuwepo. Nikajiambia labda niliangusha nikasahau. Nikaanza kuota naangusha. Kila nikilala, boksi linatoka mikononi. Nilipotubu ndipo nikapata usingizi." Akaitazama mikono yake. "Sasa sijui. Mimi mwenyewe nilishakubali."

Astaghfirullah. Nimesikia mengi katika maisha yangu, watu kusingiziwa wizi, wake kusingiziwa uchawi, lakini mtu kusingiziwa mpaka akajisadiki, hilo sikuwahi kulisikia. Nililia palepale, sioni haya kusema. Asmahani akaanza kuomba radhi.

Dorkasi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, "Shuleni wanangu wanaitwa watoto wa mvunja vyungu. Haya mnayoyasema hapa chumbani hayatafika shuleni, mama Najat."

Tulirudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza simu ya wifi yangu ililia ikaachwa ilie.

Jumapili asubuhi nilimkuta amevaa buibui lake jipya, amejitanda vizuri. Kaka yangu Rama akamuuliza, "Unakwenda wapi asubuhi yote hii?" Akajibu, "Kanisani." Rama akaweka kikombe chini. Akanitazama mimi, mimi nikavaa viatu.

Tulisubiri nje chini ya ukuta mpaka ibada ikaisha. Wakatoka wakiimba, kwaya mbele, wakajipanga duara uwanjani, na mnada ukaanza, maana kwa wenzetu mazao na kuku wa sadaka hunadiwa palepale. Mnadishaji alikuwa mtu wa masihara. Alituona, akamwinua jogoo juu. "Haya, na mama wa buibui ametufikia! Mama, unaongeza ngapi?"

Watu wakacheka, siyo vibaya. Asmahani akaingia katikati ya duara.

"Jogoo mzuri," akasema. "Lakini naomba kwanza niseme neno."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Mnadishaji akamshusha jogoo. Simu kama tatu nne zikainuliwa, na niliona kwamba Asmahani ameziona. Mtu wa biashara ya mtandao anajua simu iliyoinuliwa ina maana gani, ikitoka hapo inafika Arusha kabla hujafika nyumbani. Nilidhani atarudi nyuma. Akazigeukia zile simu.

"Mimi ni Asmahani binti Uweso, wa Usagara, ninayeuza vyetezo mtandaoni. Vyombo vilivyovunjika ni vyangu. Luka alisimama mbele yenu akasema ameviangusha. Hakuangusha hata kimoja. Nimevivunja mimi, nyumbani kwangu, kwa mkono wangu, kwa kuvimwagia marashi vikiwa vya moto. Nikamsingizia yeye kwa bosi wake na kwa wateja wangu wote, mpaka na yeye akaniamini. Hakuwa na dhambi ya kuitubu hapa. Dhambi ni yangu. Naomba mniambie mmesikia."

Bibi mmoja mzee akasema kwa sauti, "Tumesikia, mwanangu." Wengine wakaitikia. Nehemia naye akajitokeza kutoka upande wa wanaume, akasema kila mtu amsikie, "Luka, kesho kazini."

Luka alikuwa amesimama karibu na ngazi za kanisa pamoja na mkewe. Sidhani kama alimsikia Nehemia. Alikuwa amemgeukia Dorkasi, anamwambia polepole, kama mtu anayejaribu maneno mageni.

"Sikuangusha."

"Hukuangusha," Dorkasi akamwambia, akalia.